Asiyelipwa na Mtu

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mwananchi aliingia ofisini kwetu.

Naomba msomaji asishtuke kama tulivyoshtuka sisi. Idara ya Unyoofu wa Sifa ilikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu tangu ifunguliwe, na katika muda huo wote hakuna mwananchi aliyewahi kuja kwa hiari yake. Waliletwa. Ndiyo maana mlango wetu wa mbele haukuwekwa kitasa upande wa ndani. Mchoraji wa jengo alikuwa ameambiwa kwamba wageni wetu hawatakuwa na haraka ya kutoka.

Mzee Kibwana, karani mwenzangu mwenye miaka thelathini kazini, alisimama na kikombe cha chai mkononi.

"Nani kakuleta, dada?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Ndiyo. Lakini nani kakuleta mpaka ukaja mwenyewe?"

"Miguu tu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba," alijibu Mzee Kibwana, kwa sauti ya mtu anayepapasa chini ya meza akitafuta kengele.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, amevaa kitenge cha kijani, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa gazeti. Alipotaja jina lake, Nyamizi Kabula, niliinuka kitini. Nani hakuufahamu ukurasa wa Jiko la Nyamizi? Wafuasi elfu thelathini na moja walimtazama akikaanga, akiunga, akionja. Kila video aliianza kwa kukutazama machoni na kusema moja kati ya mambo mawili: "Leo nimelipwa," au "Leo sijalipwa, nina njaa tu." Chuoni nilimtaja katika tasnifu yangu kama mfano wa bloga mnyoofu. Sikuwahi kuota kwamba siku moja angesimama mbele ya meza yangu.

Alifungua gazeti. Ndani mlikuwa na sufuria nyeusi, ile isiyogandisha chakula. Utando wake wa ndani ulikuwa umebanduka vipande vipande, kama ngozi ya nyoka anayejivua.

"Hii ni Sufuria ya Fahari," alisema. "Mwezi wa tatu nililipwa kuisifu. Nikasema nimelipwa, nikaisifu. Lakini nilikuwa nimeipikia siku mbili tu, dada yangu, siku mbili! Sasa tazama. Haya magamba yanaingia kwenye wali. Mtaani kwetu watoto wawili wametapika wiki nzima. Na mama yangu mzazi anaipikia kila siku, kwa sababu mimi ndiye niliyesema ni nzuri. Nataka kuifuta sifa yangu mbele ya watu wote. Nasikia siku hizi lazima nijaze fomu kwanza."

Nilitaka kulia kwa furaha. Huyu ndiye raia tuliyemtungia sheria. Nikamletea Fomu Namba Saba, nikampa na kalamu yangu mwenyewe.

Alijaza swali la kwanza: unataka kusema nini. Alijaza la pili: kuhusu bidhaa gani. Kwenye la tatu akasimama. Swali la tatu liliuliza: nani amekulipa useme hivyo.

"Hakuna," alisema. "Sijalipwa na mtu."

"Andika jina," alisema Mzee Kibwana.

"Jina la nani?"

"La huyo ambaye hajakulipa."

*

Ni lazima nieleze sheria hii ilivyozaliwa, kwa sababu mimi ni mmoja wa wakunga wake.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, mitandao ilikuwa imechafuka. Bloga mmoja alisifu sabuni inayoongeza akili. Mwingine alisifu majani ya chai yanayomrudisha mume nyumbani kabla ya magharibi. Watu walinunua, watu wakababuka, na waliosifu wakafuta video zao wakahamia kusifu saruji. Nikaandika tasnifu ya kurasa tisini ambayo ukiikamua unapata sentensi moja: anayelipwa kusifu kitu aseme kwamba amelipwa, na asiseme uongo.

Profesa wangu aliipeleka wizarani. Wizara ikaipeleka kwa Mheshimiwa Pontiani Lugembe, aliyekuwa ameteuliwa Mkurugenzi Mkuu wa idara ambayo bado haikuwa na kazi. Mheshimiwa Lugembe ni mtu wa mantiki. Aliisoma sentensi yangu kwa wiki tatu, kisha akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Anayelipwa anatakiwa aseme amelipwa. Vema! Sasa nawauliza: yule asiyesema kwamba amelipwa ni nani? Ni mtu aliyelipwa anayeficha! Na yule anayeapa kabisa kwamba hakulipwa? Huyo, ndugu zangu, ameficha mara mbili!"

Tulipiga makofi kwa dakika tisa.

Sheria ilitoka na vifungu mia nne na kumi na viwili. Tangu siku hiyo, mtu yeyote anayesema kwamba kitu ni kizuri au ni kibaya, mtandaoni au popote pale penye masikio, ilimpasa awe na mlipaji anayejulikana. Wananchi wetu ni wepesi wa kutii. Walisoma kifungu cha tisa wakagundua kwamba malipo hayana kiwango, hata soda moja inatosha. Basi mgeni wa harusi, kabla ya kusema pilau ni tamu, alikunywa soda ya baba wa bibi harusi na kumtaja kwa sauti. Msibani, marehemu alisifiwa kwa udhamini wa fundi wa majeneza. Watu walianza kuugua kisukari, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba soda zimezidi, maana nani angemlipa aseme hivyo?

Kazi ya kusikiliza ilipewa Wasikilizaji, vijana wastaarabu wenye mashati ya kijivu na madaftari madogo. Waliketi saluni, sokoni, kwenye vijiwe vya kahawa. Hawakumgusa mtu. Waliandika tu. Jirani yangu mmoja, Bwana Mtitu, alisema kwa kinyozi kwamba mke wake anapika vizuri. Alipoulizwa alikunywa soda ya nani siku hiyo, akakumbuka kwamba hakunywa kitu. Akaondoka nao akitabasamu. Ilikuwa miezi saba iliyopita. Mke wake amekuwa akizunguka maofisini kueleza kwamba mume wake alitia chumvi tu, kwamba yeye hapiki vizuri hata kidogo.

Mimi niliamini kwamba hizi ni dosari za mwanzo. Kila sheria mpya hubana kidogo, kama kiatu.

*

Habari za mwananchi aliyejileta zilifika ghorofa ya juu, na Mheshimiwa Lugembe akashuka mwenyewe. Kwanza alipigwa picha akiwa na Nyamizi. Kisha akaketi.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "serikali haikukatazi kusema. Ni nani aliyewahi kukatazwa kusema katika nchi hii? Serikali inauliza tu, umetumwa na nani?"

"Na tumbo la mama yangu, mheshimiwa."

"Limesajiliwa?"

"Tumbo?"

"Huoni ugumu wetu? Leo tumbo la mama yako, kesho goti la shangazi. Nchi haiwezi kuongozwa na viungo." Akanigeukia. "Tausi, wewe ndiye msomi wetu. Ni nani kwa kawaida humlipa mtu aseme sufuria ni mbaya?"

"Kiwanda pinzani, mheshimiwa."

"Basi alipwe na kiwanda pinzani!"

Mzee Kibwana alikohoa. Viwanda vya sufuria nchini vilikuwa viwili. Kimoja kilifungwa mwaka jana kwa kukosa mtu wa kukisifu. Kilichobaki ni Kiwanda cha Fahari, ambacho ni mali ya taifa zima, yaani ya shemeji yake Waziri.

Mheshimiwa alifumba macho kwa muda. Alipoyafumbua yalikuwa yanang'aa.

"Kiwanda cha Fahari kiombwe," alisema, "kwa moyo wa uzalendo, kimlipe dada huyu aseme kwamba sufuria zao ni mbaya."

Barua niliichapa mimi. Niliichapa vizuri sana. Wakati tukingoja jibu, Nyamizi aliombwa akae katika Chumba cha Kungojea Mlipaji, mwisho wa ukumbi. Simu yake ilihifadhiwa ili asisumbuliwe. Nilimsindikiza nikimwambia haitachukua hata saa moja.

Sikuwa nimewahi kukifungua chumba kile. Ndani mlikuwa na benchi moja refu, na juu yake watu tisa. Hawakuuliza kitu. Walisogea tu, wote kwa pamoja, kama watu waliozoea kusogea, wakamwachia nafasi. Aliyekuwa mwisho alikuwa na ndevu zilizofika kifuani. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni Bwana Mtitu.

"Mke wangu hajambo?" aliniuliza.

"Hajambo. Anasema hapiki vizuri."

Aliinamisha kichwa. "Anapika vizuri," alinong'ona.

*

Jibu la kiwanda lilikuja baada ya siku tatu, pamoja na katoni ya kalenda. Kiwanda kilisikitika kwamba bajeti ya mwaka huu haina fungu la kujitukana, lakini kilikuwa tayari kuendelea kumlipa Nyamizi kwa sifa njema. Nyamizi aliisoma barua mara moja akairudisha.

"Waambie hapana," alisema.

Jumatatu iliyofuata niliitwa ghorofa ya juu. Ukutani kulikuwa na skrini kubwa, na kwenye skrini ukurasa wa Jiko la Nyamizi. Palikuwa na video mpya.

Nyamizi, na kitenge chake kile kile cha kijani, alikuwa anakatia vitunguu kwenye sufuria inayong'aa. Alinitazama machoni. "Leo sijalipwa," alisema, "nina njaa tu. Sufuria hii ya Fahari nimeipikia miezi sita. Haijabanduka hata kidogo." Midomo ilikwenda sawasawa na maneno. Sauti ilikuwa yake. Macho tu ndiyo hayakupepesa, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Kitengo cha Mwendelezo kimetengeneza kwa kompyuta," alisema Mheshimiwa Lugembe, akijifuta chozi. "Unaona, Tausi? Sifa ya kwanza nchini isiyolipiwa na mtu! Mashine hailipwi. Mashine hainywi soda. Ni unyoofu mtupu!"

"Mheshimiwa, lakini yeye hajasema hivyo."

"Hajasema kwa sababu anangojea. Je, ni haki wafuasi wake nao wangojee? Tumemsaidia. Jana walikuwa elfu thelathini na moja. Leo ni elfu themanini."

Ilikuwa kweli. Kiwanda kiliongeza zamu ya pili. Mimi nilipewa kazi ya kusoma maoni ya wafuasi na kuyapanga katika makundi matatu: wanaoshukuru, wanaoshukuru sana, na wengineyo. Siku ya tatu, katika wengineyo, nilikutana na haya:

"Hongera mwanangu umenenepa. Mbona hupigi simu. Na mimi napikia hiyo hiyo kila siku ila tumbo linanikata na leo nimetapika nyeusi nadhani ni uzee. Mama Kabula."

Niliyasoma mara nyingi. Kisha nikayanakili kwenye karatasi na kwenda nayo mwisho wa ukumbi.

Nyamizi alisoma, akaikunja karatasi ikawa ndogo kama punje. Wale tisa walitazama sakafu ili kumpa faragha.

"Mpigie simu," alisema.

"Nimejaribu. Simu zote za mtaa ule zinapitia kwetu sasa. Zikisikia neno sufuria zinakata."

"Barua?"

"Zinafunguliwa."

"Basi nenda wewe." Alinishika mkono. "Mtaa wa Viazini, nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bati la bluu. Mwambie asiipikie tena. Sikiliza, Tausi. Sikio lake la kushoto limekufa, kaa upande wa kulia. Na umwambie mara mbili. Mara ya kwanza atabisha. Mama yangu mara ya kwanza hubishia hata salamu. Ukimwambia mara moja ukaondoka, ni sawa na hukwenda."

"Mara mbili," nilisema.

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Lilikuwa jambo dogo. Kwenda mtaani, kukaa upande wa kulia, kusema sentensi moja mara mbili.

*

Ijumaa niliitwa tena juu, safari hii nikapewa maua. Mheshimiwa Lugembe alitangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba mimi, kwa utumishi wangu uliotukuka, nimeteuliwa Naibu Mkurugenzi wa Maadili, na kwamba Jumatatu nitasafiri kwenda nje ya nchi kusoma kwa miaka miwili kwa gharama ya taifa. Tangu nikiwa msichana wa darasa la sita nilikuwa nikiomba safari hiyo. Barua ilikuwa na muhuri wa dhahabu.

"Na tasnifu yako," aliniambia pembeni, "imetufaa sana. Ile sehemu ya asiseme uongo tumeiondoa. Ilikuwa inairefusha sheria bure."

Niliporudi mezani, Mzee Kibwana alikuwa ananikoroga kwa macho huku akikoroga chai.

"Binti yangu, nimekuona umeandika kitu kiganjani. Mtaa wa Viazini, kama miwani yangu bado inafanya kazi."

Nilifumba kiganja.

"Nenda kanawe," alisema polepole. "Panda ndege yako. Ukirudi utakuwa mkubwa, utaibadilisha hii sheria kutoka juu. Si ndivyo mnavyofundishwa?"

"Mama wa watu atakuwa amekufa, mzee."

"Hujasikia nilivyosema? Kanawe." Akageuza kiti chake, akanipa mgongo. "Nimekwambia, na umenisikia, na mimi sijaona kitu. Nina wajukuu."

Sikunawa.

*

Jumamosi saa sita mchana nilitembea kwenda Viazini. Wasikilizaji wawili walitembea hatua kumi nyuma yangu chini ya mwavuli mmoja. Hawakujificha. Nilipopotea njia karibu na mashine ya kusaga, mmoja wao ndiye aliyenionyesha mlango wa bati la bluu.

Mama Kabula alikuwa uani, ameketi juu ya mkeka karibu na jiko la mkaa. Mwanamke mdogo, mwembamba kuliko nilivyotarajia, na midomo imepauka. Juu ya jiko palikuwa na sufuria. Kifuniko chake kilikuwa kinachezacheza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu! Wewe rafiki yake Nyamizi? Nimekujua tu, wenye vyeti mnafanana. Karibu kigoda hicho. Na hao vijana nao waingie, jua kali."

Wasikilizaji walivua viatu, wakaingia, wakaketi ukutani na madaftari yao magotini.

Nilikuwa nimekaa upande wa kushoto. Nililigundua hilo nikiwa tayari nimeshaanza kusema, kwa sauti ndogo ya kukwaruza.

"Mama, Nyamizi amenituma. Anasema usiipikie tena hii sufuria. Inabanduka. Ndiyo inayokuumiza tumbo."

"Nini? Sufuria?" Alicheka, akashika ubavu kwa maumivu, akacheka tena. "Nyamizi aseme hivyo? Jana tu nimemwona kwa macho yangu. Kaisifu, kasema hajalipwa. Mwanangu hajawahi kusema uongo, muulize yeyote mtaa huu. Wewe umesikia vibaya. Ngoja kwanza ule."

Alifunua sufuria. Wali ulikuwa mweupe, na ndani yake vipande vyeusi, vyembamba, vingi. Alipakua sahani akaniwekea mbele yangu.

Yule Msikilizaji mkubwa hakuwa ameandika kitu. Alinitazama, na nakiri kwamba yalikuwa macho ya huruma.

"Dada Tausi," alisema, "umekohoa, sivyo? Hapa vumbi ni jingi. Tutaandika kwamba umekohoa. Jumatatu una safari."

Yule mdogo aliitikia kwa kichwa haraka haraka, akinisihi nikubali. Nadhani naye alikuwa na mama mahali fulani.

"Ana kikohozi?" aliuliza Mama Kabula, akitutazama mmoja mmoja. "Masikini! Ngoja nikuchemshie tangawizi."

Ningependa kuandika kwamba wakati ule nililifikiria taifa. Sikulifikiria. Nilifikiria barua yenye muhuri wa dhahabu iliyokuwa ndani ya mkoba wangu, na lile benchi refu, na namna watu kumi wangesogea bila kuuliza ili wanipatie nafasi. Kisha nikainuka. Nikachukua kigoda, nikamzunguka Mama Kabula, nikakiweka upande wa kulia, karibu kabisa, mpaka nikasikia harufu ya moshi kwenye kanga yake.

"Mama," nilisema, kwa sauti ambayo hakuna mtu angeweza kuiita kikohozi, "usiipikie tena hii sufuria. Inakuua. Anayeonekana kwenye simu si Nyamizi, ni picha. Nyamizi mwenyewe amenishika mkono akaniambia nikae sikio la kulia, nikwambie mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza utabisha. Naitwa Tausi, na sijalipwa na mtu."

Kwenye ukuta, kalamu mbili zilianza kuandika.

Mama Kabula hakubisha. Alinyoosha mkono, akaichukua ile sahani iliyokuwa mbele yangu, na kuisogeza mbali nami.